Kibao, Chekeche na Mashine ya Kusaga: Nilivyoueleza Ugonjwa wa Siliaki Mtaani Kwetu

“Mpe kidogo kidogo, tumbo litazoea.” Maneno haya nimeyasikia kwa majirani, kwa wapishi wenzangu, kwa muuza duka la dawa, na mara moja kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Kwa mwenye siliaki sijui ushauri mbaya kuupita huo. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Mombasa, na katika ukoo wetu yumo mtoto mwenye ugonjwa huu. Jikoni kwangu nilishajipanga, lakini mtoto hali kwangu tu. Hula kwa bibi yake, hula chuoni, hula futari kwa jirani, hula harusini. Ikabidi mtaa mzima ujue, na haya ndiyo niliyofanya, yaliyoharibika na yaliyofaa.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Mwenye siliaki akila gluteni, ambayo ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka iitwayo rye kwa Kiingereza), kinga ya mwili wake hugeuka na kuushambulia utumbo wake mwembamba. Ndani ya utumbo mna vijidole vidogo sana vinavyofyonza chakula. Vijidole hivyo hulala, vikawa kama zulia lililochakaa, na chakula hupita bila mwili kufaidika. Ndipo unamwona mtoto hakui, au ana tumbo kubwa na miguu myembamba. Mtu mzima anaweza kukosa damu miaka na miaka hata akinywa vidonge vya madini ya chuma, akapata vidonda vya mdomo visivyoisha, mifupa ikadhoofika. Wengine huharisha, wengine hufunga choo, na wengine tumbo haliwaumi kabisa ila wana upele wa malengelenge unaowasha viwikoni, magotini na makalioni. Duniani hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 100 anao, na wengi wao hawajui. Dawa hakuna. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, na ukiiacha kweli, kwa wengi utumbo hupona.

Sasa rudi kwenye ile “kidogo kidogo”. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoruhusiwa kuitwa kisicho na gluteni ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kila kilo ya chakula. Utafiti umeonyesha kwamba miligramu 50 kwa siku, zikiliwa kwa miezi mitatu, zinatosha kuuharibu tena utumbo uliokuwa umepona. Unga wa ngano, karibu sehemu moja kwa kumi ya uzito wake ni gluteni. Piga hesabu: gramu moja ya unga, ule unaobaki kwenye ncha ya kijiko ukikikung’uta vibaya, ina takriban miligramu 100. Hesabu hii nimeirudia mpaka watoto wa mtaani wanaijua kwa moyo. Na tumbo halizoei. Anayekula kidogo kila siku anaweza asihisi kitu, huku utumbo unaendelea kuliwa kimyakimya.

Mkutano wangu wa kwanza niliuandaa vibaya, na kosa lenyewe lilikuwa na madhara, kwa hivyo naliandika ili mwingine asilirudie. Nilichora utumbo kwenye karatasi kubwa, nikabandika orodha ya dalili ukutani, nikaanza kuzisoma. Kina mama walijaa ukumbi. Kila dalili niliyoitaja mtu alimwona mwanawe ndani yake, maana ni nani mtaani asiye na mtoto aliyewahi kuharisha au kujaa gesi? Maswali yakawa ya mchango, ya minyoo, ya kijicho, ya homa ya matumbo. Wiki iliyofuata nikagundua kuwa kina mama watatu walikuwa wameshawaachisha watoto wao ngano bila kupima. Hapo nilikuwa nimewafungia njia ya kujua ukweli, kwa sababu kipimo cha siliaki hutafuta vita inayoendelea mwilini. Ukiondoa ngano, vita hupoa, na kipimo hutoka safi hata kwa mgonjwa.

Tangu siku ile naanza mkutano kwa jambo hili kabla ya salamu hazijaisha: usiache ngano kabla ya kupima. Kipimo cha kwanza ni cha damu. Hutafutwa kingamwili iitwayo tTG ya aina ya IgA, na pamoja nayo hupimwa IgA yote, yaani jumla ya kingamwili za aina hiyo, kwa sababu kuna watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha na kipimo kitawadanganya. Taja vyote viwili kwa maabara, la sivyo watakupimia kimoja. Bei hutofautiana mno, ni maelfu kadhaa ya shilingi, piga simu kwanza. Damu ikionyesha dalili, kwa kawaida daktari hupitisha mpira wenye kamera mdomoni na kuchukua vipande vidogo vya utumbo, vinne au zaidi, kwa kuwa uharibifu huwa wa mabakamabaka na kipande kimoja kinaweza kutoka mahali pazima. Watoto ambao kipimo chao cha damu kimepanda zaidi ya mara 10 ya kiwango cha kawaida wanaweza kuthibitishwa kwa damu ya pili bila kamera, hilo daktari wa watoto ndiye huamua. Aliyekwisha acha ngano hurudishiwa kwa wiki 6 hivi, katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, ndipo apimwe. Wale watoto watatu ilibidi wapitie huko, na mama mmoja hajanisamehe. Na ndugu wa damu wa mgonjwa, yaani wazazi, kaka, dada na watoto, wapimwe hata kama hawaumwi, kwa sababu ugonjwa hutembea kwenye ukoo. Takriban 1 kati ya 10 wao huwa nao.

Mkutano wa pili sikubeba karatasi hata moja. Nilibeba beseni mbili, unga na maji.

Hili zoezi nalipenda kuliko yote na nalieleza kwa urefu. Chukua gramu 250 za unga wa ngano wa chapati, kama vikombe viwili vya chai, na maji ya kawaida mililita 150. Usitumie unga wa keki wala ule uliotiwa hamira tayari, kwa sababu gluteni yake ni dhaifu na itakukatikia mkononi. Usitumie maji ya moto pia. Kanda dakika 10 kamili mpaka donge liwe laini na livutike, kisha litumbukize kwenye beseni la maji, liache nusu saa. Ukianza kuliosha kabla ya hapo linasambaratika na watu watasema umewadanganya. Baada ya nusu saa, lifinye taratibu ndani ya maji. Maji yanageuka meupe kama tui la kwanza. Huo ni wanga unaotoka. Yamwage kupitia kwenye chujio ili udake vipande vinavyochopoka, tia maji mengine, finya tena. Mara ya tano au ya sita maji yanakuwa karibu safi, na mkononi umebaki na kitu cha rangi ya kijivu kama chingamu kubwa iliyotafunwa, chenye uzito wa gramu 70 hivi. Livute. Linarefuka bila kukatika, ukiliachia linarudi.

“Hii ndiyo gluteni,” nikawaambia, nikalipitisha bonge mkono kwa mkono. Kila mama ukumbini anajua chapati huvutika, anajua mahamri hufura yakabaki na tumbo wazi ndani, na hajawahi kukiona kinachofanya kazi hiyo. Bi mkubwa mmoja, ambaye kwenye mkutano wa kwanza alisinzia, alilivuta, akaligeuza, akalinusa, akaniuliza, “Kwa hivyo mwanangu, tukisukuma chapati kumbe tunasukuma hiki?” Kabla sijajibu alishaanza kumweleza aliye pembeni yake.

Kisha beseni la pili: unga wa mahindi, kiasi kilekile, umekandwa vilevile. Ukiutumbukiza unatawanyika, unatulia chini kama mchanga, mkononi hakibaki kitu. Unga wa mchele vilevile, wa muhogo vilevile, wa mtama vilevile. Mwisho nikafanya kwa atta, na hapa nilikuwa na sababu. Mtaani kwetu watu wamefundishwa kwamba mkate wa rangi ya kahawia na chapati za atta ni chakula cha wagonjwa, basi kila anayesikia mtoto ana ugonjwa wa ngano huleta mkate wa kahawia kwa moyo safi. Atta ni ngano nzima. Ukiiosha, pumba zinaleta vurugu kidogo na inachukua muda zaidi, lakini bonge linabaki. Lilipobaki, ule mjadala wa mkate wa kahawia ulikwisha palepale. Gharama ya zoezi lote haikufika shilingi mia tatu.

Kitu kingine nilichojifunza siku hiyo: neno gluteni liache kwenye karatasi za daktari. Ukimwambia mpishi “usitie gluteni” atakuitikia na hatajua asitie nini. Sema ngano, shayiri na rai. Kwa hapa kwetu sema ngano kwanza, halafu sema kimea, kwa sababu shayiri hutufikia zaidi kwa njia ya kimea kwenye vinywaji vya kopo na unga wa kunywa na maziwa. Na uangalie neno shayiri lenyewe, wapo wanaoiita oti (oats) kwa jina hilohilo. Oti ni nafaka nyingine. Kwa asili haina gluteni ya ngano, ila hulimwa na kusagwa pamoja nayo na karibu kila mara huwa imechanganyika, na wapo wagonjwa wachache wanaodhurika hata na oti safi. Mimi huwaambia watu waiache mpaka daktari atakaposema.

Tulipofika kwenye vyombo ndipo ubishi ulipoanza. Kina mama walikubali kwamba mtoto asipewe chapati, lakini kwamba asisukumiwe chapati ya mchele juu ya kibao kilekile, hilo lilionekana ni deko. “Nimekifuta,” wanasema. Nikafanya hivi: kikombe kimoja cha unga wa ngano nikakichanganya na vijiko viwili vya chai vya manjano, nikampa mmoja wao asukume chapati mbili kwenye kibao cha mbao nyeupe, kisha akifute kwa kitambaa kikavu mpaka aseme mwenyewe kwamba ni safi. Pembeni nilikuwa nimekoroga kijiko cha chai cha magadi katika nusu lita ya maji. Nikachovya kitambaa cheupe kwenye maji ya magadi, nikakipitisha juu ya kile kibao “safi”. Kitambaa kikatoka na michirizi myekundu ya kahawia. Manjano yakikutana na magadi hubadilika rangi, na kila palipobaki unga palisema. Nyufa za kibao zilijichora kama ramani. Tukafanya kwa mti wa kusukumia, kwa mpini wa mwiko, na kwa chekeche, na chekeche ndilo lililowanyamazisha. Aliliosha kwa sabuni na brashi, na bado matundu yalitoa wekundu.

Anayetaka kulirudia zoezi hili ajue linapoharibikia. Kibao cheusi cha zamani hakionyeshi rangi, tafuta kipya au cheupe. Manjano yaliyochanganywa na unga mwingine dukani hufifia, jaribu nyumbani kwanza. Usioshe kwa ndimu wala siki kabla ya kufuta, asidi huiondoa rangi nyekundu. Na kibao hicho kiwe cha mafunzo tu, kisirudi jikoni. Zoezi linaonyesha unga unapojificha, halipimi gluteni, kwa hivyo usimwambie mtu kwamba kitambaa kikitoka cheupe basi kibao ni salama kwa mgonjwa.

Kutokana na hapo mgawanyo wa vyombo ulieleweka bila kelele. Sufuria za chuma cha pua na za alumini, vyombo vya glasi na sahani za udongo uliong’arishwa huoshwa kwa sabuni na maji ya moto na kusuguliwa, zikatumika na wote. Vya mbao, chekeche, plastiki iliyochanika, na kikaango kilichoganda masizi ya miaka mingi, hivyo mgonjwa awe na vyake. Mtoto wetu ana mwiko, kibao, chekeche na chujio lake la chai. Chekeche ni shilingi mia na kitu, mwiko hauzidi hapo. Vyote nimevifunga uzi mwekundu kwenye mpini, na rangi hiyo sasa inajulikana nyumba zote anazokula. Asiyejua kusoma anaujua uzi.

Imani moja ilikuwa ngumu kung’oka: kwamba moto unaua. Watu wanaichukulia gluteni kama kijidudu. Mafuta yaliyokaangiwa sambusa asubuhi, wanasema, yamechemka, yameshajisafisha. Gluteni ni protini, haina uhai wa kuuawa, na moto wa karai hauiondoi. Bajia za dengu ni salama kwa unga wake, lakini zikikaangwa kwenye mafuta ya sambusa, kaimati au viazi karai vya unga wa ngano, zimeharibika. Dawa yake ni mpangilio: anza na mafuta mapya, kaanga vya mgonjwa kwanza, vifunike kwa kawa, viondoe jikoni, ndipo uendelee na vingine. Hivyohivyo kwa unga unaopaa. Ukichekecha ngano jikoni, vumbi lake hutua kwenye sufuria zilizo wazi, basi chakula chake kiwe kimekwisha pikwa na kufunikwa.

Ukitazama chakula chetu cha Pwani, kazi si kubwa kama watu wanavyodhani. Wali, pilau, biriani, sima, samaki wa kupaka, mbaazi za nazi, muhogo, viazi vitamu, ndizi, vitumbua, vibibi, mkate wa kumimina, mofa ya mtama. Vyote hivi kwa asili havina ngano. Ndiyo maana nakasirika ninapoona familia isiyo na uwezo inaambiwa lazima inunue unga maalumu kutoka nje, ambao bei ya kilo moja unanunua kilo nyingi za mchele. Mtoto wetu hajawahi kuula.

Hatari iko kwenye kile kijiko kimoja cha siri. Wapishi wengi hutia kijiko cha unga wa ngano kwenye vitumbua ili “vishike”, au kwenye mchuzi ili uwe mzito. Kababu hushikwa kwa mkate uliolowekwa. Biriani inaweza kuwekewa vitunguu vya kukaangwa vya pakiti vilivyopakwa unga. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa ngano, na mishkaki ya siku hizi hulowekwa humo. Soseji hutiwa makombo ya mkate. Mvuje wa unga, ule wa kopo, mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano, soma kopo au tumia wa jiwe. Urojo unategemea nani kaupika, na wengi huufanya mzito kwa ngano. Halua uliza wanga uliotumika. Bokoboko ni ngano yenyewe, ingawa ikishapondwa na nyama mtu hawezi kuiona, na nimewaona watu wakimpa mtoto wakidhani ni mchele. Kwenye pakiti za Kiingereza tafuta maneno wheat, barley, rye, malt na semolina, na usiridhike na ukubwa wa herufi za mbele, geuza nyuma.

Mkate wa kumimina nauandika hapa kwa sababu ndio unaoziba pengo la mahamri asubuhi. Roweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, uoshe, uchuje. Saga na kikombe kimoja na robo tatu cha tui zito, robo tatu ya kikombe cha sukari, kijiko kimoja na nusu cha chai cha hamira, na hiliki. Saga mpaka usisikie chenga ukisugua kati ya vidole. Chenga ndizo zinazoufanya mkate ukae chini kama tofali. Acha ufure saa moja au zaidi kidogo, usiuache ukafura na kushuka wenyewe. Tia ute wa yai moja uliopigwa, changanya taratibu, mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, moto mdogo chini na makaa juu. Hauhitaji hicho kijiko cha ngano, hata kidogo.

Chapati ilinichukua majaribio mengi. Iliyokubali ni vikombe viwili vya unga, nusu mchele nusu muhogo, ukimiminiwa kikombe kimoja hivi cha maji yanayotokota yenye chumvi na vijiko viwili vya mafuta, ukakorogwa kwa mwiko na kukandwa ungali moto. Maji ya moto huupika wanga kidogo ukashikana, kwa kuwa hakuna gluteni ya kushika. Kwa maji baridi inapasuka ukiinyanyua. Sukuma kati ya nailoni mbili, choma, ifunike kwa kitambaa mara moja. Ikae zaidi ya saa mbili imekauka, basi choma za kuliwa wakati huo tu. Muhogo nunua wa makopa yaliyokaushwa vizuri kutoka kwa mtu unayemjua.

Waliobisha kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu niliwaeleza habari mbili. Ya kwanza ni ya Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, aliyeshuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika njaa ya vita ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 mkate ulipoadimika nchini mwao, shaka yake ikazidi kupata nguvu, na mwaka 1950 akaiandika katika tasnifu yake. Kabla ya hapo watoto walikuwa wanakufa, na kwa muda mrefu waliokuwa Marekani walilishwa ndizi mbivu bila mtu kujua hasa kwa nini zinasaidia. Ya pili ni ya Waafrika wenzetu. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa watoto wa Kisahrawi, yaani watu wa Sahara Magharibi, walioko kambi za wakimbizi kusini magharibi mwa Algeria, na asilimia 5.6 walikutwa nao. Ni kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya. Watu ambao zamani walitegemea maziwa na nyama ya ngamia sasa wanaishi kwa mkate. Sisi nasi tunazidi kuhamia kwenye mkate.

Kwenye harusi na futari nilipata utaratibu mmoja unaofanya kazi. Chakula cha mgonjwa hupakuliwa kwanza kabisa, kabla sinia haijatoka jikoni, kwa upawa wenye uzi mwekundu. Usimwambie achague mwenyewe mezani: upawa wa bokoboko huingia kwenye pilau, tende hukaa sinia moja na sambusa, makombo yanadondoka. Shuleni nilizungumza na mwalimu juu ya vitu viwili tu, uji na unga wa kuchezea. Uji wa lishe wa mchanganyiko mara nyingi una ngano, na udongo laini wa kufinyanga unaotengenezwa kwa unga ni ngano itakayoishia mdomoni. Jirani yetu Mkatoliki aliniuliza kuhusu komunyo, kwa kuwa hostia wanayopewa misani ni mkate mwembamba wa ngano. Kanisa lao halikubali hostia isiyo na gluteni kabisa, lakini barua ya Roma ya mwaka 2017 ilikumbusha kwamba zenye gluteni kidogo zinafaa, na padri anaweza kumpa mtu divai pekee. Nikamshauri kikombe kiwe chake, kisiwe kile kinachotumbukizwa kipande cha hostia.

Mashine ya kusaga ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko vyote. Tulikuwa tunakula sima ya nyumbani, uji wa wimbi wa nyumbani, na kingamwili za mtoto bado hazishuki kwenye kipimo cha damu. Nikaenda kukaa mashineni asubuhi nzima nikitazama. Mtu wa nne alileta uji wa lishe: mahindi, wimbi, soya na ngano, vyote ndoo moja. Wa tano alikuwa na mahindi matupu, na fundi akayamimina palepale. Mashine ya nyundo hubakiza unga kwenye sahani ya matundu, kwenye bomba na kwenye mfuko wa kitambaa wa juu, na huo ndio unaotoka na mahindi ya anayefuata.

Fundi hakunielewa nilipozungumza ugonjwa. Alinielewa nilipomletea lile bonge la gluteni, kwa kuwa yeye anaujua unga kuliko sisi sote. Tulikubaliana ngano isagwe jioni tu. Jumamosi asubuhi anafungua mfuniko, anatoa sahani ya matundu na kuigonga, anapiga brashi, anabadilisha mfuko wa kitambaa na kuweka ule wetu wenye uzi mwekundu, kisha anapitisha kilo 5 za mahindi ya bei rahisi kabla ya yetu. Unga huo wa kwanza unauzwa kwa mwenye kuku, basi hasara ni ndogo. Ukipata mashine isiyosaga ngano kabisa, hiyo ni bora kuliko usafishaji wowote, sisi hatukuipata karibu. Baada ya miezi kipimo kikaanza kushuka.

Nafaka yenyewe huja na ngano kutoka sokoni. Gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, lililochota ngano ndilo linalochota wimbi, hata soko la Kongowea utaliona. Punje ya ngano ni kubwa kuliko ya wimbi, ukimwaga kwenye ungo mwanga ukiwepo unaiona, na kwenye mtama inataka macho zaidi. Nenda na kopo lako la kupimia. Mashine hufunguliwa saa moja na nusu, na kila mtu achague nafaka yake nyumbani, kwa sababu siku hizi fundi hutia mkono kwenye ndoo kabla ya kuipokea, na akikuta punje moja ya ngano anakurudishia uende ukachague upya.